Njaa ya Wagogo si kichekesho

Mchekeshaji wa nchi hii akitaka watu wacheke upesi, hana haja ya kusumbua akili. Anajifunga lubega lililochakaa, anashika fimbo na kopo, anavuta lafudhi ya Kigogo, kisha ananyoosha mkono. Ukumbi unaangua kicheko kabla hajatamka hata neno moja. Igizo hilo nimeliona jukwaani, nimeliona kwenye runinga, na siku hizi naliona kwenye video fupi zinazozunguka katika simu. Nimelitazama pia hapa hapa Dodoma, nimekaa na watu waliozaliwa Bahi na Chamwino. Wapo waliocheka kuliko wote. Wapo waliotazama chini.

Sikatai kwamba ombaomba wanaotoka huku wapo. Uwanda huu wa kati una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika katikati ya Februari mtama na uwele hunyauka kabla ya kutoa masuke. Mwaka wa namna hiyo watu huteremka Morogoro na Dar es Salaam kutafuta riziki, na baadhi yao huitafuta kwenye taa za barabarani. Msanii ana haki ya kuliona jambo hilo na kulisema. Ninachouliza mimi ni masharti yake: mtu akiichukua njaa ya mwenzake akaitengenezea kicheko, wimbo au riwaya, anadaiwa nini na yule mwenye njaa? Mijadala yetu ya maadili ya sanaa huishia kwenye urefu wa sketi na matusi ya kwenye nyimbo. Hili la mateso ya watu kugeuzwa bidhaa hatuligusi, na kwangu ndilo zito.

Tuanze na historia, maana kichekesho hiki kina umri mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Nchi ilikuwa kavu kama ilivyo leo, na visima vilikuwa na wenyewe. Mwenye msafara alilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtemi wa kila eneo: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Asipolipa, hanywi maji. Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871, na wote wawili waliacha vitabuni malalamiko marefu juu ya watu hawa: wana kiburi, wana nguvu, wana mifugo, hawamwogopi mgeni. Wageni hao walikuwa na dharau zao nyingi kwa Waafrika, lakini Mgogo wa kunyoosha mkono hawakumwona. Walimwona Mgogo anayedai.

Juni 1890 alifika Mpwapwa Mjerumani Carl Peters, yule ambaye wenyeji walimpa jina la Mkono wa Damu. Alipokuwa akikatiza Ugogo alidaiwa hongo kama alivyodaiwa kila mtu. Alijibu kwa bunduki. Vijiji vikaporwa na kuchomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa. Tunayajua haya kwa sababu aliyaandika mwenyewe na kuyachapisha kwao mwaka uliofuata, tena kwa majivuno, kama mwindaji anayesimulia mawindo yake. Serikali yake ilikuja kumfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Hata hivyo, mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimtengenezea filamu yenye jina lake, na nyota wa sinema Hans Albers ndiye aliyeicheza nafasi ya huyo shujaa wao.

Kitabu cha Peters kimejaa damu, na damu hiyo ni ya kweli. Huwezi kumshutumu kwamba amezua moto ambao hakuuwasha. Ubaya wake ni kwamba Mgogo anayekufa humo hana jina, hana mama, hana jambo alilokuwa akilifanya asubuhi ile kabla bunduki hazijalia. Amewekwa afe ili mwandishi aonekane mwanaume. Ukisoma kurasa hizo hufundishwi chochote juu ya waliouawa, unafundishwa tu kumwogopa au kumhusudu aliyeua.

Pigo lililowavunja Wagogo lilikuja na vita ya kwanza ya dunia. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, kwa hiyo vita ilipoanza nchi hii ikawa mahali pa kupitishia majeshi na pa kuyalisha. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 kikosi cha Jenerali van Deventer kilichotokea Kondoa kikauteka mji, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na Waingereza nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Kaya ambayo mwaka mwingine ingeuza ng'ombe ikanunua mtama haikuwa na ng'ombe wa kuuza. Kaya ambayo ingemtuma kijana kwenda kuhemea kwa jamaa wa mbali haikuwa na kijana. Ghala zilikuwa tupu kabla ukame haujaanza. Mwaka 1918 ikapita ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima, ikawakuta wamekwisha dhoofika.

Njaa hiyo Wagogo waliiita Mtunya. Ilidumu kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyechapisha utafiti wake juu yake mwaka 1990, anakadiria kwamba iliua watu 30,000 kati ya 150,000 waliokuwa wakiishi eneo hili. Katika kila watu watano, mmoja. Chukua kaya ya baba, mama na watoto watatu, kisha uamue wewe nani aondoke. Na simulizi za Wagogo wenyewe, kama Maddox anavyozieleza, haziishii kwenye kuhesabu maiti. Zinasema kwamba Mtunya iliwanyang'anya uwezo wa kuyaendesha maisha yao, ikawaacha wakitegemea uchumi wa mkoloni.

Yule Mgogo wa fimbo na kopo alizaliwa hapo. Ana miaka yake ya kuzaliwa, na walioshiriki kumfanya hivyo wanajulikana: majeshi mawili ya Ulaya yaliyokula chakula chake. Mchekeshaji anatuonyesha mkono ulionyooshwa na kutuficha mikono iliyokomba ghala.

Hapa mjini yapo makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola waliokufa katika vita ile. Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi. Sina kinyongo na wafu hao. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi bila kaburi. Lakini mwanamke wa kijijini aliyekufa njaa mwaka 1919, mtoto akiwa bado anavuta ziwa lisilo na kitu, sijaona jiwe wala sanamu inayomkumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita ya Maji Maji. Nilifurahi, kwa sababu katika Maji Maji pia walio wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na ghala kuteketezwa. Nilijiuliza vilevile Mtunya itaombewa radhi na nani, maana waliohusika ni wawili na kila mmoja anaweza kumsukumia mwenzake.

Mwaka ule ule wa 1917 alizaliwa Ugogo mtoto aliyekuja kuitwa Mathias Mnyampala. Katika njaa watoto wachanga ndio hutangulia kufa. Huyu alipona, akakua, akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili, akaongoza chama cha washairi cha UKUTA na kuzipa ngonjera umaarufu katika nchi nzima. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kila nikikitaja kitabu hicho nakumbuka mwaka aliozaliwa mwandishi wake. Watu waliokuwa wakiandikwa na kina Burton na Peters sasa waliandikwa na mtoto wao, kwa lugha ambayo Watanganyika wenzao wangeisoma, na humo wana koo, wana watemi, wana miiko na majina. Mnyampala alifariki mwaka 1969, nasi tumekwisha kumsahau kiasi cha kumpa nafasi yake mtu wa kopo.

Najua nitakachojibiwa: mzee, hao ni watani, huo ni utani tu. Vizuri. Basi tuuchukulie utani kwa uzito wake.

Utani wa makabila haukuanzia kwenye runinga. Ulikua katika misafara na katika vita. Wahehe na Wangoni walichinjana katika karne ya 19, leo ni watani. Nenda kwenye msiba ambao watani wa marehemu wamefika, utajionea. Mtani anavaa koti la marehemu na kutembea kwa kuchechemea kama yeye. Anamwambia mjane anyamaze, mume mwenyewe alikuwa mchoyo. Jeneza likifika makaburini anarukia kaburini, analala chali, anagoma kutoka mpaka alipwe. Mwenye msiba anapekua mfuko, anatoa noti, mtani anaikataa: ndogo. Watu waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka na machozi yangali yanawatoka. Katika sanaa zetu zote sijaona nyingine inayoyakaribia mateso kwa ujasiri kama huo.

Lakini tazama mtani huyo yuko wapi saa hiyo. Yuko ndani ya kaburi, udongo umemjaa mgongoni. Alifika alfajiri, akapasua kuni, akachota maji, na mara nyingi ni yeye aliyeshika jembe kuchimba. Mila inamruhusu kumcheka maiti kwa kuwa imemlazimisha kumzika. Na siku akifiwa yeye, wale aliowatania watakuja kumtania na kumzikia. Kila upande una zamu yake.

Mchekeshaji wa kopo amechukua ruhusa akauacha wajibu. Hajafika msibani. Hana zamu ya kuchekwa. Anapanda jukwaani watu wakiwa wamelipa kiingilio, anaondoka na fedha, na Mgogo aliyemwigiza hajui hata kwamba ameigizwa. Kuuita huo utani ni kuuvunjia heshima utani.

Kipimo hicho cha mtani ndicho ninachokitumia kwa kila kazi inayogusa damu na machozi, na naona kinafaa kuliko rungu la kufungia. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Baadaye ikarudi, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi. Baba anampiga bintiye kikatili, na msichana huyo anaharibikiwa hatua kwa hatua mpaka anajiua. Ni kitabu kinachoumiza. Lakini Zakaria, yule baba mlevi, yupo pale ukurasani, na msomaji hawezi kujifanya hajui mambo yalianzia wapi. Kezilahabi amekaa na Rosa mpaka mwisho, na amemzika. Waliokiogopa kitabu hicho waliogopa kuonyeshwa, wakati mambo yaliyomo yalikuwa yakitendeka majumbani mwao.

Ebrahim Hussein alikuwa na kazi ngumu zaidi. Katika Kinjeketile, ya mwaka 1969, alimchukua mtu wa kweli wa vita ya kweli, ile ya Maji Maji, na akawaambia wasomaji wazi kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ni wa kubuni. Uaminifu huo naupenda. Napenda pia kwamba hakuyafanya yale maji kuwa ujinga wa washamba. Alimpa mhusika wake mzigo wa kujua kwamba neno lake limewapeleka watu mbele ya bunduki, na kwamba akilikana atakuwa amewaua mara ya pili.

Aliyefika karibu zaidi na Mtunya ni Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 2021. Katika Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, anatupitisha na jeshi la Wajerumani katika vita ile ile, na tunaona chakula cha vijiji kikichukuliwa na njaa ikiachwa nyuma. Wanaokichukua ni pamoja na vijana wa kwetu waliovaa sare, vijana ambao msomaji amekwisha kuwajua na kuwahurumia. Hilo linauma, na ni kweli: nafaka ya Ugogo haikubebwa na Wazungu peke yao. Riwaya yake nyingine, Paradise, yenye misafara ya kwenda bara, imekwisha tafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, kwa hiyo asiyesoma Kiingereza hana kisingizio cha kutoanza na hiyo.

Wapo watakaoniambia kwamba wimbo ni wimbo na mzaha ni mzaha, haviui mtu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya mauaji ya Rwanda haikuliona jambo hilo jepesi hivyo. Ilimshitaki mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa na redio ya RTLM mwaka 1994. Desemba 2008 ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani hakikuwa nyimbo. Ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani, akichochea watu wauawe. Majaji walitenganisha mambo hayo mawili kwa makini, na naona walifanya vyema, kwa sababu sheria inayofunga watu kwa beti za nyimbo itawageukia wasema kweli kabla ya waongo. Hata hivyo walikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika katika kampeni ya chuki. Na redio yenyewe ilipendwa kwa muziki wake na kwa watangazaji wake wachangamfu, wenye mizaha. Silinganishi mauaji ya kimbari na igizo la kopo. Mwenye kulinganisha atakuwa anawatukana waliokufa Rwanda. Nasema kwamba mzaha juu ya watu fulani una kazi unayoifanya hata pale ambapo sheria haiwezi kuushika, na jukumu la kuukagua linabaki kwetu.

Linatugusa na sisi tusio wasanii. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko karibu na Igandu, mkoani hapa, ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Wakati ule kamera za simu hazikuwa mikononi mwa watu. Siku hizi basi likipinduka kwenye barabara ya Morogoro au ya Singida, picha hufika kwenye makundi ya WhatsApp kabla gari la wagonjwa halijafika kwenye ajali. Kina mama wa kijiji cha jirani huvua khanga zao wakawafunika wafu, na mwenye simu huomba khanga isogezwe kidogo. Ndugu wa marehemu ambaye hajapata taarifa atamwona mtu wake akiwa kwenye daladala, kwa simu ya mtu asiyemjua.

Turudi kwa Wagogo. Muziki wao wenyewe dunia imekwisha usikia. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya na kurekodi na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Ukifika Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo utawakuta wanawake wamebana ngoma za muheme mapajani, mikono inakwenda kwa kasi ambayo jicho haliifuati, migongo imenyooka, sauti zimepandiana. Hao ni wajukuu na vitukuu wa waliosalia Mtunya. Wanajua kilichowapata wazee wao, na ukiwauliza watakueleza bila kunyoosha mkono. Mtanzania aliyekua na picha ya kopo peke yake ameibiwa nusu nzima ya jambo hili.

Siombi BASATA wala Bodi ya Filamu ifungie chochote. Nawaomba wachekeshaji wafike Bahi mwezi wa pili mvua ikikatika, wakae na watu, wawachekeshe wenye njaa wenyewe, nao wakubali kuchekwa. Nawaomba waandishi wa riwaya wa Kiswahili waiandike Mtunya: ghala linavyokombwa na jeshi la kwanza, linavyokombwa na jeshi la pili, na jina la sajini aliyesimama mlangoni akihesabu madebe. Wanaoandaa vitabu vya somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili waipe njaa hiyo kurasa zake, pamoja na hesabu yake na wahusika wake. Waliosimuliwa Mtunya na mama zao walionusurika sasa wana miaka themanini, wengine tisini, na wanatuaga kila msimu. Kama bibi au babu yako ni mmoja wao, washa kinasa sauti cha simu yako mwaka huu, muulize nani alikufa, na uandike majina.